Ufunguo wa Pindoni

Saa 5:50. Ng'ambo, chumba cha nyuma cha fundi cherehani. Mkadam alichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia: mlango, dawati, sanduku la chuma lililojengewa sakafuni.

"Fungu la fedha za msitu wa kamati limo humu. Wageni wanalipia hewa ya ukaa iliyozuiwa na miti. Kesho walipwe walinzi, kichimbwe kisima."

"Kufuli tatu," alisema Ulfat, dereva wao.

"Katibu wa kamati kauza ufunguo wake. Mshika fedha kauza wake. Umebaki wa Bi Mwanakheir, na yule hauzi."

Wote wakamtazama Mudrik. Mwanawe.

"Nshauchukua." Alikuwa ameufungua kwenye pindo la kanga ya mama yake, mwenyewe yuko uani anatia udhu. "Lakini unarudi kabla hajajua. Tumepatana."

"Tumepatana, mtoto wa mama."

Saa 6:40. Ijumaa, wanaume wako msikitini. Ofisi ya kamati, ukingoni mwa msitu, tupu. Kufuli ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mkoba ukajaa.

Mudrik akanyoosha mkono auchomoe ufunguo wa mama yake. Kisu cha Mkadam kikamgusa kiganja.

"Uache hapo hapo."

"Si tumepatana!"

"Na katibu nlipatana kabla yako. Polisi watataka mtu. Atakuwa mama yako."

Honi ililia nje. "Watu wanatoka!" Ulfat alifoka. "Mnangoja kahawa?"

Saa 6:55. Kwenye kona ya pili Mudrik alifungua mlango wa gari akaruka. Ulfat hakusimama. Mkadam hakugeuka.

Saa 7:05. Alifika mbio, goti linavuja damu. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya sanduku wazi, pindo tupu la kanga mkononi. Nje, kanzu zilikuwa zinakuja, katibu mbele, kidole kishanyooka.

"Ni mimi, mama. N'tawaambia."

Bi Mwanakheir alilitazama goti. Akautazama ufunguo. Akauchomoa, akaufunga pindoni, mafundo mawili, kama kila siku.

"Ufunguo wangu haujatoka hapa," aliwaambia watu. "Huyu kaja kuniita tukale."

"Anaongopa! Mimi ndiye—"

"Nyamaza, Mudrik."

Wakamwamini yeye, na polisi wakamchukua yeye.

Saa 10:30. Walinzi walishasikia kuwa hakuna mshahara. Walivua mabuti ya kamati, wakayapanga mlangoni, wakaenda zao. Msumeno wa kwanza ukaanza kunguruma msituni.

Kituoni, Mudrik alikuwa anamweleza askari wa tatu ukweli wote, tangu ile chaki mezani.

"Kila mtoto husema hivyo mama akishikwa," askari alisema. Kalamu hakuishika.