Alama ya X ya Gaien

Kozue alinisimulia haya mara moja tu, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Alikuwa msaidizi wa Mwalimu Haruyama, mchoraji wa katuni za viumbe wanaopigana bila kufa, kwenye mtaa wa Nerima; kiumbe wake mkuu aliitwa Gaien. Kazi yake ilikuwa kupaka wino mweusi kila mahali mwalimu alipoweka X ndogo ya penseli.

"Leo mzike Gaien kwa wino," mwalimu alisema akivaa koti. "Miaka tisa namuua, hafi. Amenichosha."

"Wasomaji watatuchoma moto, mwalimu."

"Watakuchoma wewe. Na kurasa zikichelewa tena, kazi huna."

Kozue akabaki peke yake na mvua. Akapaka mabega ya Gaien, kisha kifua. Ilibaki X ya kwenye paji la uso. Alipochovya brashi, umeme ukakatika. Gizani akasikia kwaru, kwaru, kama penseli juu ya karatasi.

Taa zikarudi. Uso wa Gaien ulikuwa mweupe, hauna alama.

Akaenda kunawa. Kwenye kioo, katikati ya paji la uso wake, palikuwa na X ndogo ya penseli. Akaisugua kwa sabuni, haikutoka. Nyuma yake, mezani, akasikia kifuniko cha chupa ya wino kikifunguliwa.