Abee ya Bekari

Ijumaa ile oveni zote zilikuwa zimezimwa zisafishwe, hakuna hata kiganja cha unga kilichokandwa, na bado kompyuta ya bekari ikasema, "Abee!"

Adelard, mwokaji mkuu, mtu wa Bukoba aliyekuja Tandika kutafuta riziki akaishia kunukia hamira mwaka mzima, aliacha kukwangua masizi akageuka.

"Braza Suhaib, nani kaiita hiyo?"

"Hakuna aliyeiita. Itakuwa imekosea tu."

Imekosea! Wasomi wetu hao, hodari wa kujifariji. Lakini ngoja kwanza nikuwekee sawa, maana kuna watu pale Tandika wanaisimulia habari hii miguu juu kichwa chini, eti kompyuta ile ilitoka Dubai na jini lake ndani. Waongo! Kompyuta ilikuja safi. Lililoingia liliingilia hapahapa, na mlango ulifunguliwa na mtu mwenye akili zake timamu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kila mwenye uwezo anafungua chake. Tajiri wa bekari alileta oveni za mtumba ambazo kengele zake zilikuwa zimekufa, mikate ikawa inaungua kila siku. Ndipo akamwajiri Suhaib, kijana wa Temeke hukohuko aliyesomea kompyuta. Suhaib akaandika programu fupi kwa Perl, lugha nyepesi unayoiandika na kuijaribu hapohapo. Uzuri wa programu ile ni kwamba haikukaa macho ikikodolea saa. Mwokaji akiingiza mikate alibonyeza namba ya oveni, programu ikauambia mfumo wa kompyuta, "Muda wa mikate hii ukitimia, niite," kisha ikalala. Kuhesabu ni kazi ya mfumo. Muda ukifika, mfumo unaita, programu inaamka, inaitika, inataja oveni, inalala tena. Kuita na kuitika, basi.

Sasa iitike kwa sauti gani? Suhaib alikuwa ameoa karibuni, mkewe Nusaiba, na hakuna kitu alichokipenda kama kumwita akiwa uani na kumsikia akiitika "Abee!" kwa ule mvuto wake. Akaazima kipaza sauti, akampelekea nyumbani.

"Sasa niitike nini na hujaniita?" Nusaiba aliuliza huku anacheka.

"We itika tu."

Akaitika. Hewani, hivihivi, bila kuitwa na mtu, na Suhaib akairekodi.

Mtoto wa pwani mzima, kafanya hivyo mchana kweupe! Sie tumelelewa tukiambiwa tangu hatujui kuvaa viatu: ukisikia jina lako na humwoni anayeita, funga mdomo. Nyamaza mpaka umwone, kwa sababu si kila anayeita ni mtu, na ukishaitika umempa ruhusa. Suhaib aliyajua hayo. Bibi yake alimfinya masikio kwa hayo hayo. Ila mbele ya kompyuta aliyasahau, akaichukua abee ya mkewe akaiweka pale ingoje mwitaji.

Basi baada ya Ijumaa ile kompyuta ikawa inaitika inavyotaka. Suhaib aliuuliza mfumo kama kuna kengele yoyote iliyotegwa, mfumo ukajibu hakuna. Programu haikuomba kuamshwa, mfumo haukuiamsha, na sauti inatoka. Aliisoma programu yake mstari kwa mstari, akaifuta akaiandika upya, akakaa kuitazama. Baada ya adhuhuri, wakati waokaji wamekwenda kula, ikasema, "Abee!" na safari hii oveni ya mwisho, iliyokuwa baridi kabisa, ikatoa harufu ya udi, udi mzuri wa kuvukizia nguo za harusi. Adelard alikuwa mlangoni na sahani yake ya wali. Alipiga ishara ya msalaba.

"Mie sijui mambo yenu ya huku," alinong'ona, "lakini hiyo sauti si ya shemeji?"

Suhaib alizima kompyuta. Alifunga ofisi akaenda nyumbani mapema.

Alimkuta mama mkwe wake, Bi Mwanaasha, aliyekuja kuwatembelea kutoka Mbweni, amekaa mlangoni na kanga kaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapa, usiingie kwanza." Alishusha sauti. "Mkeo leo alikuwa anachagua mchele. Mara kanyanyua uso, kacheka, kasema 'abee', kasimama na mchele ukamwagika. Namuuliza unakwenda wapi, ananijibu anaitwa. Nimemkamata langoni, mkono wake baridi, mwanangu, na jua lote hili!"

"Saa ngapi, mama?"

"Adhuhuri watu ndo wametoka kuswali."

Suhaib alikaa chini kando yake. Ikabidi aseme yote, kipaza sauti, programu, udi. Bi Mwanaasha alisikiliza hadi mwisho, kisha akapiga kofi sakafuni.

"Kwa hiyo umemwitikisha mtoto wangu bila ya kuitwa! Jibu umeliweka, mwitaji hukumweka. Nani alikatazwa kuita? Hebu niambie, nani? Mmesoma nini nyie!"

Ndani, Suhaib alimwita mkewe taratibu. Nusaiba alikuwa kitandani ameegemea ukuta. Hakuitika. Alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba, halafu akageuza sikio upande wa dirishani.

Asubuhi yake aliletwa Mwalimu Nassibu, mtu wa makamo mwenye chuo cha Kurani cha watoto kule Mtoni, asiyependa makuu. Alifukiza ubani, akasoma, akamwagia Nusaiba kichwani maji ya kombe, yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Haikuchukua muda. Mabega ya Nusaiba yakaanza kutikisika, shingo ikalegea, na kilichopanda kikasema kwa kinywa chake, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Suhaib, ya Suhaib mwenyewe, na kile kikohozi chake cha katikati ya maneno, hata Suhaib akajishika koo kuhakikisha kwamba si yeye anayesema.

"Mnanisumbua nini? Nilimwita, akaitika."

"Hakuitika yeye," alisema Mwalimu. "Kimeitika chombo."

"Kwa sauti ya nani?"

Mwalimu aliongeza ubani kwenye makaa. "Muache. Ana mume."

"Nami namwita kama anavyomwita mumewe. Namwita, anaitika. Namwita tena, anaitika tena. Hachoki, haudhiki, haniulizi mimi nani. Mke gani mwingine yuko hivyo?"

Wakabishana hivyo mpaka ubani ukaisha, kisha Nusaiba akaanguka chini, akalala usingizi mzito. Mwalimu alitoka nje akiwa amelowa jasho, akamvuta Suhaib pembeni ya ukuta.

"Nenda ukaifute sauti ile, isibaki hata chembe. Akiita pasiwe na wa kumjibu. Na mkeo muhamishe, apelekwe mbali. La pili, nisikilize vizuri. Usimwite kwa jina lake. Huyu amevaa sauti yako. Kila utakapoita, mkeo hatajua ni yupi kati yenu, na akiitika, hatujui ameitikia wapi."

"Mpaka lini, Mwalimu?"

"Nitakwambia. Kwa sasa mie mwenyewe sijui."

Suhaib alirudi bekari, akaifuta sauti ya mkewe. Alipobonyeza kitufe cha mwisho, spika ilikoroma kidogo, halafu ikasema polepole, "Abee, mume wangu." Hayo maneno mawili ya nyuma hakuwahi kuyarekodi. Alichomoa waya, akaipasua spika kwa nyundo, akakaa chini kwenye unga akalia, na Adelard akakaa naye.

Nusaiba na Suhaib wakahamia kwa Bi Mwanaasha, Mbweni, ambako nyumba zilikuwa bado za kuhesabu, na katikati ya nyumba na nyumba ni vichaka na mapagala yanayosubiri wenyewe wapate bati. Kule akaanza kupata nafuu. Alikula, alifua, alisuka ukili. Suhaib alikuwa akimwita "weye", akimwita "bibie", akimgusa bega anapomtaka, na jina lenyewe likawa linamkaa kooni, maana ni taabu, jamani, kuishi na unayempenda na usithubutu kumtaja. Siku nyingine Nusaiba alimuuliza, "Mbona huniiti siku hizi? Nimekukosea?" naye akamdanganya kwamba ni mapenzi tu.

Mpaka ikaja ile adhuhuri ambayo hewa ilikuwa imetulia kabisa, kuku wamejikunyata vivulini, Bi Mwanaasha yuko jikoni, Nusaiba amekaa barazani na ukili wake, na Suhaib amesimama kwenye mtungi anakunywa maji, na maji yakiwa bado kinywani mwake, akajisikia anaita, "Nusaiba!", si kwa ukali wala kwa haraka, bali kwa ule mvuto wa siku za mwanzo wa ndoa, na sauti inatokea kwenye pagala la ng'ambo ya njia, pamoja na harufu ya udi.

Nusaiba alinyanyua uso. Ulijaa furaha, furaha ya mtu aliyekuwa amenuniwa muda mrefu na sasa amesamehewa.

Suhaib aliangusha kata akakimbia, akamkamata mkono, mkono ukamtoka bila hata ya Nusaiba kuuvuta, akamkamata kanga, akabaki na kanga, na alipotaka kumzunguka amzuie kwa mbele miguu ikawa mizito, kila hatua anaivuta kama anayetembea ndani ya unga uliokandwa, na mkewe anakwenda zake taratibu, mwendo wa mtu asiye na hofu, anavuka njia, anapita kwenye majani, na pagalani sauti yake yeye Suhaib inaita tena, "Nusaiba!", na Bi Mwanaasha amefika mlangoni ameziba mdomo kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, anamkataza, usimwite, usimwite, baba, lakini mkewe amebakiwa na hatua chache tu kufika kwenye uwazi wa mlango ule usio na ubao, na Suhaib hana kingine duniani cha kumzuilia ila lile jina.

"Nusaiba!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Nusaiba, ni mimi! Geuka!"

"Abee, mume wangu," Nusaiba aliitika kwa sauti tamu, bila ya kugeuka. "Si ndo nakuja."

Akainama kidogo kukwepa mbao za lenta zilizoachwa juu ya mlango, akaingia.