Chakula Alichojinyima Ndinda

Kila siku baada ya masomo, Ndinda aliteremka mtoni na mtungi mgongoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu, kwani mvua ilikuwa imekataa kunyesha, na watu wa Kanyangi walichimba visima humo mchangani. Kila familia ilikuwa na kisima chake, na sheria ilikuwa moja: ukimaliza kuteka, funika kwa matawi ya miiba. Kisima cha kwao kilikuwa karibu. Ndinda alikipita bila kukitazama, akaenda kupanga foleni kwenye kisima cha jirani, kule mbali.

Alikuwa na sababu. Miezi minane iliyopita, kwa haraka ya kwenda kuruka kamba na wenzake, alisahau miiba. Mdogo wake Mbuvi, mtoto wa miaka mitano, akatumbukia. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu ulivunjika, na hadi sasa alichechemea. Nyumbani hakuna aliyemgombeza Ndinda. Heri wangemgombeza! Kimya kile kilimuuma kuliko kiboko. Basi akajihukumu mwenyewe: kila mlo, mama akigeuka tu, alimmiminia Mbuvi muthokoi wake, ule wa mahindi yaliyokobolewa, mara nusu, mara wote. Na huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, kula kwenyewe kwa kubahatisha.

Msichana akakonda. Kichwa kilimwanga, usingizi ukamkimbia. Siku moja, akifanya hesabu ubaoni, alianguka chini pu! Mwalimu Nzuki akamsindikiza hadi nyumbani.

"Mama Ndinda, huyu mtoto anakula?" mwalimu aliuliza.

"Anakula, Mwalimu. Ni mimi mwenyewe napakua."

"Sasa hicho chakula kinaenda wapi?"

Mbuvi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijibu bila kuulizwa. "Ananipa mimi. Na mimi nikishiba nampa Simba."

Simba alikuwa mbwa. Kwa kweli, katika boma lile hapakuwa na kiumbe aliyenona kumshinda.

Ndinda aliangua kilio. "Nilitaka kulipa, mama! Ni mimi nilimvunja mguu!"

Mama yake, Kalondu, aliketi chini kando yake. Machozi yalikuwa yakimlenga. "Kumbe hiyo ndiyo umebeba siku zote hizi? Tulikusamehe siku ile ile, mwanangu. Nilinyamaza nikifikiri nikitaja kisima nitakuumiza. Hapo nilikosea mimi."

"Nisamehe, Mbuvi," Ndinda alisema kwa kwikwi.

"Sawa. Hata hauumi siku hizi. Mpira nacheza," alijibu Mbuvi, macho kwenye sufuria.

Mama alimshika Ndinda mkono. "Sikia. Ukikosa, sema. Omba msamaha, tengeneza kile unaweza kutengeneza, halafu uachilie. Kujitesa hakujamponya mtu. Kumeniletea tu mgonjwa wa pili katika nyumba hii. Na ikikuuma tena, usikae nayo peke yako. Kuja uniambie."

"Ndiyo, mama."

Mwalimu alikaribishwa, mama akapakua. Mbuvi, kama kawaida yake, akasogeza sahani yake kwa dadake na kungoja kumiminiwa. Ndinda alimtazama, akautazama ule mguu. Kisha akavuta sahani yake karibu.

"Chakula hiki ni changu," alisema, akala mpaka kikaisha.