Nyati wa Kalunde

Ukurasa ulipofunguliwa, nyati alinyanyuka kutoka kwenye karatasi. Zilitangulia pembe, kikafuata kichwa, kisha mgongo mweusi wenye joto la kweli, mpaka akasimama ukumbini ndama wa kimo cha mbuzi, akinusa viatu vya wageni. Alikuwa ameundwa kwa chembetii, punje za chuma laini kuliko unga wa muhogo, ambazo hushikana na kuachana kwa amri ya kitabu. Kitabu kikiwa wazi, mnyama yu hai. Kikifungwa, anarudi kuwa picha.

Maktaba ya Tabora ililipuka kwa makofi. Nyamizi, aliyemchora nyati yule, alijaribu kuficha furaha yake asiweze. Kitabu kilisimulia maisha ya Kalunde, askari wa wanyamapori aliyemlea ndama yatima kwa chupa ya maziwa, wakawa marafiki mpaka siku majangili walipomuua Kalunde porini. Siku hiyo Nyamizi hakuichora. Kitabu kilikuwa cha watoto.

Msomaji alikuwa Mzee Mihayo, kaka wa marehemu Kalunde. Sauti yake ilirushwa moja kwa moja hadi kwenye madarasa yote ya mji, ambako kila mtoto alikuwa amefungua nakala yake mezani. Alisoma taratibu, akafika mwisho, lakini hakunyamaza.

"Hapa pameachwa jambo," alisema. "Mimi nilikuwepo. Nilikuja mbio na panga langu, nikawakuta wanamkatakata. Nikamwita dada yangu. Kalunde! Kalunde!"

Aliita kama alivyoita siku ile. Nyati akageuka.

Chembe zote zilizosalia kitabuni zilimiminika kwa mkupuo, ndama akavimba akawa fahali. Pembe ilimwingia mzee chini ya mbavu, ikamnyanyua, ikambwaga kwenye rafu za vitabu. Fahali akamfuata palepale, akamkanyaga kifua. Wageni walikimbilia mlangoni wakiangushana na kupitiana juu. Nyamizi alitambaa kinyume chao, kwa kuwa kitabu kilikuwa chini ya kwato. Kwato moja ilimponda vidole vya mkono wa kushoto, akasikia mifupa ikivunjika. Kwa mkono wa kulia alikivuta kitabu, akakifunga.

Fahali hakuwahi kurudi ukurasani, akamwagika kuwa vumbi jeusi juu ya kifua cha mzee.

"Usimlaumu, mwanangu," mzee alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Hata siku ile alinipiga pembe. Aliona panga, akadhani niko nao." Akakata roho.

Nyamizi alimgeukia Kemilembe, mhandisi aliyezitengeneza chembetii. "Uliniambia tabia zake umezitunga."

"Sikuzitunga." Kemilembe aliliangalia lile vumbi jeusi. "Nyati mwenyewe alipigwa risasi siku hiyohiyo. Tuliunakili ubongo wake kabla haujapoa. Tulitaka watoto waone upendo wa kweli, Nyamizi. Ile siku ya mauaji nilidhani nimeifuta."

"Na nakala za shuleni?"

Kutoka shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara ulisikika mshindo wa madawati yakivunjika.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa marehemu, kikiwaka. Nyamizi alikibandua kutoka kwenye vile vidole.

"Fungeni vitabu, watoto," alisema. "Msimkimbie nyati. Aliye karibu na kitabu akifunge, kisha akifunge na cha mwenzake. Walimu, fungeni vitabu."

Alirudia, na kurudia tena, mkono uliovunjika ukiwa umebanwa kwapani. Ng'ambo ya barabara mishindo ilipungua, ikakoma. Nyamizi alitega sikio. Halafu mtoto mmoja akalia, akadakia wa pili, mara darasa zima likawa linalia, na Nyamizi akajikuta anamshukuru Mungu kwa kila sauti.

Kisha akakumbuka kwamba mji una shule nyingi, akaanza kusema upya.