Kilichoizima Pikipiki ya Mama

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Chiriku ilikuwa kuosha pikipiki ya mama yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea akifagia, akaongea akiosha vyombo, hata pikipiki aliipigisha soga huku akisugua tope kwenye magurudumu.

Mama yake alikuwa mkunga wa zahanati. Wajawazito walioishi mbali aliwafuata makwao, kupitia barabara kuu, mkoba wa kazi ukiwa umefungwa imara kwenye kiti cha nyuma. Kuhusu pikipiki alikuwa na amri moja tu.

"Osha kote, mwanangu, ila kifuniko cha tangi usikifungue. Petroli si kitu cha kuchezea."

Jumamosi moja Chiriku alikifungua. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kuona mafuta yamebaki kiasi gani ili amwambie mama. Alipokigeuza kifuniko, pete ya mpira iliyokaa ndani yake, ambayo ilikuwa imechakaa kwa jua, ilikatika vipande viwili mkononi mwake.

Alichungulia mlangoni; mama alikuwa ndani akipiga pasi. Harakaharaka Chiriku akatafuta mpira wa ndani wa baiskeli mbovu, akakata kwa mkasi duara la kuenea kwenye kifuniko. Pete ya zamani ilikuwa na tundu kubwa katikati. Duara lake halikuwa na tundu. Aliona hivyo ndivyo bora, mafuta hayatapata pa kutokea. Akafunga kifuniko, akatupa vile vipande jalalani, akaendelea kuosha. Asubuhi hiyo pikipiki haikuambiwa neno.

Jumatatu alasiri mama alirudi akiisukuma pikipiki, gauni limemganda mgongoni kwa jasho.

"Imenizimikia barabara kuu," alisema, akishusha mkoba. "Niko kwenye mwendo, lori liko nyuma yangu, mara injini kimya! Kama mtu aliyekata kauli. Nikajitupa pembeni. Nimekaa robo saa, nikapiga kiki, ikawaka. Kufika mbele kidogo, ikazima tena."

"Pole, mama," Chiriku alisema. Kuhusu kifuniko hakusema. Kifuniko na injini, alijiambia, ni vitu viwili tofauti. Hata hivyo, chai ya siku hiyo aliiacha mezani.

Jumanne waliipeleka pikipiki kwa mjomba, kaka yake mama, fundi mwenye banda la mabati mtaa wa pili. Ardhi ya banda hilo ilikuwa nyeusi kwa oili, na spana zilitundikwa kwenye misumari kwa mpangilio, ndogo mpaka kubwa. Mjomba alifungua kifuniko, akakiweka juu ya kiti bila kukitazama, akamulika ndani ya tangi kwa tochi.

"Mafuta yapo, tena safi," alisema. Akafunga, akapiga kiki. Injini ikawaka mara moja. Akaizungusha mtaani mara mbili, ikaenda vizuri kabisa.

"Kwangu inajifanya mtoto mwema," mjomba alinung'unika. Alibadilisha plagi. Alifungua kabureta, akaisafisha mpaka vitundu vyake vyote vikapitisha hewa. Alifuata nyaya moja moja kwa vidole, akakaza betri. Kisha akainua uso. "Dada, kuna mtu aliyegusa chochote kwenye chombo hiki wiki iliyopita?"

Mama akamgeukia binti yake. "Chiriku? Wewe ndiye unayeiosha."

"Hapana, mama. Niliosha tu."

Neno lilitoka jepesi. Baada ya kutoka ndipo likawa zito. Mjomba alimwamini, akarudi kwenye nyaya zake, na Chiriku akabaki akizitazama zile spana asizione.

Jumatano mama aliitwa kwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu, ng'ambo ya barabara kuu. Aliondoka mbio kwa pikipiki, ambayo mjomba alikuwa ameirudisha bila kuona kasoro. Aliporudi, kiwiko chake kilikuwa kimefungwa bandeji na goti limechubuka vibaya. Alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu.

"Imezima tena," alisema kwa sauti ya chini. "Lori limenipigia honi, nimekwepa, nimeanguka kwenye changarawe. Njia iliyobaki nimeikata kwa miguu. Nimefika mtoto ameshazaliwa mikononi mwa majirani, halii. Nimehangaika naye, Chiriku, nimemsugua mgongo, nimempulizia pumzi. Ndipo akalia."

"Lakini amepona?"

"Amepona. Ningechelewa kidogo zaidi, sijui ningesema nini leo."

Chiriku alikwenda chumbani akajilaza kifudifudi. Alitaka kusema. Kila alipofungua mdomo aliiona sura ya mama akiuliza, "Kwa nini ulinidanganya?", na mdomo ukajifunga wenyewe.

Alhamisi baada ya shule aliwakuta mama na mjomba bandani. Mjomba alikuwa anavaa helmeti.

"Hapa inanguruma kama simba, kule inakufa," alisema. "Ugonjwa wa kule siwezi kuuona hapa. Nitaikimbiza barabara kuu mpaka izime, nione inazimaje."

"Kaka, na malori yale?" mama aliuliza.

"Nifanyeje, dada? Nishushe injini nzima nisijue natafuta nini?"

Alipiga kiki. Pikipiki ikawaka, ikatulia ikinguruma. Chiriku alikitazama kiwiko cha mama. Akamtazama mjomba akifunga kamba ya helmeti chini ya kidevu, mtu mzima anakwenda kusubiri injini ifie mbele ya malori. Miguu ikamtangulia. Alisimama mbele ya gurudumu, akakamata usukani kwa mikono miwili.

"Mjomba, usiende! Ni mimi. Nilifungua kifuniko cha tangi. Mpira ulikatika nikaweka mwingine. Nilisema uongo."

Mjomba alizima injini.

Mjomba alifungua kifuniko, na safari hii akakigeuza. Akaling'oa lile duara la mpira, akaliinua kwenye mwanga. Alitafuta chupa ya plastiki yenye maji, akaitoboa tundu dogo kwa msumari chini kabisa. Maji yakatiririka. Akaziba mdomo wa chupa kwa kiganja. Maji yakapungua, yakadondoka matone mawili, yakakoma.

"Unaona? Maji hayatoki mpaka hewa iingie. Kifuniko hiki kina kitundu cha kupitisha hewa, na wewe umekiziba. Mwendo mdogo injini inakunywa kidogo. Mwendo mkali inataka mafuta mengi, nayo hayashuki, inazima. Ukingoja, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, inawaka tena. Na mimi kila nikifungua kifuniko kutazama mafuta, naiingizia hewa. Ndiyo maana kwangu haiumwi." Akatikisa kichwa. "Na mimi nina kosa langu. Nimekishika hiki mara tatu sijakigeuza."

Alikata pete mpya yenye tundu katikati, akaivalisha, akaondoka kwenda kuijaribu. Mama na Chiriku walikaa kwenye benchi. Ilipita nusu saa nzima. Hatimaye pikipiki ikatokea, mjomba ameinua kidole gumba.

"Nimeikimbiza kwenda na kurudi. Haikukohoa hata mara moja."

Ndipo mama akamgeukia binti yake. Hakupaza sauti.

"Kukifungua kifuniko ulikosea. Ungeniambia Jumamosi ile ile, ningekugombeza dakika tano, mjomba wako angekata pete kama hii, yakaisha. Ulipokana, ulitupeleka tutafute pasipo na kitu. Mimi mgonjwa akinificha kwamba ameshameza dawa, naweza kumpa nyingine ikamdhuru, kwa mikono hii hii inayotaka kumponya. Anayetengeneza, awe fundi au mkunga, anafanya kazi kwa ukweli anaoambiwa. Ukimnyima huo, ujuzi wake wote haufai kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe. Nawe, mjomba, nisamehe."

"Nimekusamehe," mama alisema. "Lakini kuna mtu mwingine. Kesho nakwenda kumtazama yule mtoto. Tutakwenda wote, na wewe mwenyewe utamweleza mama yake kwa nini mkunga alichelewa."

Chiriku angetamani adhabu nyingine yoyote.

"Sawa, mama," alisema. "Nitamweleza."