Ndoo Mbili za Maji Matamu

Maiti ilikuwa imelala chali kati ya kitanda kidogo cha chuma na tangi kubwa la samaki. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilikuwa kwenye kona ya meza ya chuma iliyobeba tangi, na shati la marehemu lilikuwa limerowa kuanzia mikono mpaka tumboni.

Sakafu, hata hivyo, ilikuwa kavu na inanukia sabuni.

Inspekta aliikodolea macho ile sakafu. Mtu aliyelowa hivyo haangukii pakavu. Kuna mkono uliopiga deki baada ya kifo, tena deki ya mtu mwenye subira.

Mjane alieleza bila kuulizwa mara mbili. Yeye ni mshonaji. Alitoka saa nne kumpelekea mteja gauni, akarudi saa saba na kumkuta mumewe, mpima ardhi mstaafu, amelala pale. Chumba kilikuwa cha binti yao, aliyefariki miaka miwili iliyopita akiwa na miaka tisa. Miezi mitatu nyuma mumewe alihamisha nguo na vitabu vya mtoto, akaweka bahari yake humo: mawe, matumbawe na samaki wawili wenye mistari.

"Mimi chumba hiki siingii," alisema. "Tangu siku ile."

Jirani naye alikuwa na lake. Saa tatu asubuhi alimsikia mdogo wa marehemu, fundi umeme, akifoka mlangoni kwamba kaka akitoa kitu kingine cha mtoto humo ndani, atamtambua. Alama za vidole vyake zilipatikana kwenye kitasa. Kufika jioni alikuwa mahabusu, na mkuu wa kituo alishaamua: keshokutwa asubuhi mahakamani, shtaka la mauaji.

"Ulimtishia?" Inspekta alimuuliza.

"Nilimtishia."

"Ulimpiga?"

"Ningempiga ningesema, afande. Nimechoka kuzika."

Jamaa hakugusa chakula wala hakudai wakili. Alikaa ameegemea ukuta kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Inspekta alimwamini, na hapo ndipo maji yalipomfika shingoni, kwa sababu imani ya mpelelezi si kielelezo, na mkononi hakuwa na kitu. Mtu asiye na hatia alikuwa anakwenda kuozea gerezani kwa kesi aliyoijenga Inspekta mwenyewe kabla jua halijatua.

Kesho yake asubuhi alimwita muuza samaki wa mapambo aliyemuuzia marehemu vifaa vyote. Inspekta, ambaye samaki aliowajua ni wa kukaanga, alitaka tu kusomewa lile daftari lililokaa juu ya tangi. Kila siku marehemu aliandika kipimo cha chumvi: thelathini na tano, thelathini na tano, mpaka asubuhi ya kufa kwake. Thelathini na tano.

Muuza samaki alidondosha tone la maji kwenye kipimio chake, akakielekeza dirishani, akakunja uso. Akapima tena.

"Ishirini na tisa. Ndiyo maana matumbawe yamejikunja hivi. Na kamba wake yule pale, amekufa."

"Chumvi imekwenda wapi?"

"Ndilo swali. Sikiliza, afande. Maji ya tangi hupungua kila siku. Maji hupaa hewani, chumvi haipai, inabaki. Kwa hiyo unajazia maji matamu tu, kidogo kidogo. Hilo ni somo la kwanza, huwa nalirudia mpaka wateja wananichukia."

"Na nikiyachota kwa ndoo?"

"Ukichota, umeondoka na chumvi yake. Hapo lazima urudishe maji yenye chumvi. Ukirudisha matamu, unapata hiki unachokiona." Alikadiria kwa macho. "Tangi la lita mia mbili na arobaini. Zimetoka ndoo mbili, zikarudi ndoo mbili za maji matamu."

Pipa la maji yaliyochujwa lilikuwa pembeni. Inspekta alilifunua. Lilikuwa karibu tupu.

Muuza samaki aliongeza, kama jambo dogo, kwamba marehemu alimpigia simu asubuhi ile ile. Mwani umemshinda, amekata tamaa, anamwaga maji. Muuza samaki aje achukue vioo vyake.

"Kwa hiyo aliyechota ni yeye," Inspekta alisema. "Na aliyerudisha?"

"Yeye hawezi, alijua vizuri. Huyo ni mtu aliyefundishwa somo la kwanza tu."

Inspekta alirudi kwenye daftari na kulisoma upya, safari hii akiangalia mwandiko. Vipimo vya asubuhi vilikuwa vya mpima ardhi, vimesimama wima. Chini yake, kwa herufi za mviringo: *Jioni. Jagi moja na nusu, matamu.* Kila jioni, kwa wiki saba. Akaenda sebuleni, akachukua karatasi iliyobanwa kwenye cherehani. *Kifua 38. Kiuno 31.* Mkono ulikuwa ule ule.

Mjane alikuwa amekaa nyuma ya cherehani bila kushona.

"Mama, ulisema chumba kile huingii."

"Siingii."

"Shemeji yako anapelekwa mahakamani kesho."

Inspekta alivuta kiti.

"Maji yaliyojazwa jana hayakuwa sahihi. Yalikuwa matamu."

Mama yule aliinua kichwa haraka, ameumia. "Ndivyo yanavyojazwa. Alinifundisha mwenyewe. Chumvi haipai."

Kisha akasikia alichokisema.

Inspekta alimweleza taratibu tofauti ya maji yanayopaa na yanayochotwa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama viumbe wa tangini wamekufa. Inspekta alijibu kwamba baadhi yao.

Hapo alianza kusema, na hakusimama. Jioni moja mumewe aliugua mafua, akamwomba amjazie maji. Akaingia chumbani kwa mwanawe kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Akakaa. Tangu hapo aliingia kila jioni na kumwongelesha binti yake mbele ya kile kioo, kwa sababu humo mlikuwa na kitu kinachopumua.

"Jana nilisahau vifungo, nikarudia njiani. Nikamkuta ameshamwaga ndoo mbili. Nikamwomba aache. Nikapiga magoti, afande. Akaniambia, ungelia hivi siku ile mtoto anahema, tungewahi hospitali." "Nikasimama nikamsukuma. Mara moja tu. Sakafu ilikuwa na maji."

"Kwa nini hukuita mtu?"

"Nilimshika, alikuwa ameshakwisha. Halafu nikaona mawe ya juu yako nje, wale wadudu wa matumbawe wanakauka. Yeye sikuweza kumrudisha. Maji niliweza."

"Na shemeji yako? Siku nzima umemwacha mahabusu."

"Niliogopa. Ndiyo maana nilipiga deki. Kila nikitaka kuja kituoni, naishia mlangoni."

Inspekta alichukua maelezo yake neno kwa neno, akamsomea, akampa kalamu. Alisaini kwa zile herufi zake za mviringo, lakini karatasi hakuiachia.

"Mtoeni shemeji yangu leo," alisema. "Tukiondoka mimi na baba yake, aliyebaki wa kumkumbuka mtoto ni yeye tu."