Chumba cha Bibi Kando ya Dimbwi

Jikoni kwa Mama Kicheko kulikuwa na moshi, sufuria, na kitanda cha Bibi. Kitanda kiliwekwa hapo tangu ukuta wa chumba chake ulipoanguka. Kila asubuhi yeye aliwasha moto, akapepea moshi uende mlangoni. Moshi ulikwenda kwa Bibi.

"Mkwe wangu, leo unanikausha kama samaki," Bibi alisema, akakohoa.

Mama Kicheko alicheka. Kicheko chake kilisikika mpaka barabarani, ndiyo maana akaitwa hivyo. Lakini kikohozi kile kilimtia hofu.

Mumewe alikuwa fundi wa ujenzi. Aliwajengea watu wengi, ila mama yake mzazi alilala jikoni. Jambo hilo lilimkaa rohoni.

"Kabla ya mvua, mama atakuwa na chumba chake," alisema kiangazi kilipofika.

Nyuma ya nyumba palikuwa na dimbwi. Wakati wa mvua vyura walipiga kelele humo hadi Bibi akawatukana. Sasa lilikuwa limekauka, limebaki tope gumu. Fundi aliamua kujenga hapohapo.

"Na wale vyura?" mkewe aliuliza.

"Vyura gani? Umesikia hata mmoja?"

Sururu ilipopasua tope, vyura wakatoka. Walikuwa wamejizika humo kungoja mvua. Walikuwa wadogo, wenye mstari wa njano mgongoni. Wengine walikuwa wamekatwa vipande. Wengine walipumua taratibu, macho yamejaa udongo.

Fundi alisimama kidogo, kisha akaendelea. "Mama analala kwenye moshi," alisema bila kumtazama mkewe.

Mama Kicheko aliwaokota waliobaki hai, akawatia kwenye ndoo. Aliwapeleka mtoni, akawaachia majini. Alirudi roho yake imetulia. Kesho yake alipokwenda kuchota maji, aliwakuta wengi wanaelea, matumbo juu. Samaki walikuwa wanawadonoa. Aliondoka na ndoo tupu.

Jirani mmoja aliona kazi ile, akapiga simu ofisi ya wanyamapori. Afisa wa huko alipofika, msingi ulikuwa umeshajazwa mawe. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyevaa buti za mpira. Aliinama, akaokota chura mfu kwenye kifusi.

"Simamisha kazi, fundi. Vyura hawa wanalindwa na sheria, wao na makazi yao. Una kibali?"

"Kibali cha vyura? Dada, hiki ni kiwanja changu!"

"Kiwanja ni chako. Vyura si wako."

"Lakini dimbwi lilikuwa kavu."

"Lilikauka juu. Wao walikuwa wamelala chini. Hata likikauka, hapa ni kwao."

Mama Kicheko alisogea. "Mimi niliwapeleka mtoni. Niliwahurumia."

"Naelewa, mama. Ila hawa hawawezi maji yanayokimbia, yenye samaki. Hata kuwahamisha kunataka kibali. Anayewahamisha ni mtu aliyefunzwa, na wanapelekwa mahali palipoandaliwa kwanza."

"Sasa ningefanyaje?" Fundi aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Ungekuja ofisini kabla ya kushika sururu. Mtaalamu angekagua kiwanja. Kwanza tunatafuta njia ya kuliacha dimbwi. Ikikosekana, ndipo unaomba kibali, na unafuata masharti yake." Afisa aliangalia huku na huku. "Kwako njia ipo. Pale juu, karibu na ukuta wa nyumba, panatosha chumba. Ungekuja mapema, leo ungekuwa unaezeka."

Fundi aliketi juu ya mawe yake.

Kabla ya kuondoka, afisa aliingia jikoni kumwamkia Bibi. Aliona paa lina matundu. Alichukua turubai kwenye gari lake, akalifunga mwenyewe juu ya kitanda.

Kesi ilipofika mahakamani, hakimu alimtoza Fundi faini. Akamwamuru atoe mawe na kulirudisha dimbwi, mtaalamu akimwelekeza. Mvua zikaanza kabla hajamaliza. Bibi alikaa msimu mzima jikoni. Kikohozi kiliingia kifuani, akakonda, miguu ikaishiwa nguvu. Nje, dimbwi lilijaa maji, lakini halikuwa na sauti hata moja. Mama Kicheko naye aliacha kucheka. Majirani wakaulizana kama amesafiri.

Mvua zilipoisha, Fundi alikwenda ofisini kwanza, bila sururu. Mtaalamu alikuja, akakagua, kibali cha kujenga karibu na dimbwi kikatoka na masharti. Walizungushia dimbwi uzio mfupi wa plastiki, vyura wasitumbukie kwenye mtaro wa msingi. Chumba kikajengwa pale juu, chenye dirisha kubwa. Fundi alimbeba mama yake mgongoni, akamwingiza.

Baadaye mtu mmoja alimwita akajaze kifusi kwenye bonde lake.

"Sishiki sururu mpaka pakaguliwe," Fundi alisema.

"Kumbe siku hizi wewe ni fundi wa vyura?"

"Ndiyo. Nilianza kwa kuwaua."

Yule mtu aliacha kucheka. Wakaenda ofisini pamoja.

Mvua nyingine zikaja. Alasiri moja wote watatu walikuwa chumbani kwa Bibi. Huko dimbwini chura akalia. Kimya. Mwingine akamjibu.

"Wawili tu," Fundi alisema. "Zamani walikuwa jeshi."

"Fungua dirisha," Bibi alinong'ona. "Nimewatukana miaka mingi. Waache na wao wanitukane."

Mama Kicheko alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, lakini mpita njia aligeuka kutazama nyumba ile.